Shoka, Mpini na Kuni: Elimu ya Kuchanja Kuni kwa Usalama



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wake kwa wema mpaka siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo:

Ndugu wazazi na wapenzi wanafunzi, huenda wapo watakaoshangaa kuona katika jarida la madrasa makala inayozungumzia shoka na kuni. Wamezoea kusoma humu habari za udhu, swala, tajwidi na sira. Lakini hebu tujiulize: hapa kwetu Nyamwaga, maji ya udhu wa alfajiri, katika baridi ya milima hii ya Tarime, hupashwa kwa nini? Futari ya Ramadhani hupikwa kwa nini? Hata maji ya kumwoshea maiti hupashwa kwa nini? Katika nyumba zetu nyingi jibu ni kuni. Basi kitu kinachoingia katika ibada zetu kiasi hicho kinastahiki kufundishwa.

Lipo pia jambo lililotusukuma kuandika. Mwaka mmoja tulikuwa tukiandaa chakula cha Maulidi. Vijana wawili walikuwa wakichanja kuni nyuma ya madrasa, na akina mama wakichambua mchele karibu yao. Katikati ya pigo, kichwa cha shoka kilichomoka kwenye mpini, kikaruka, kikapita hatua moja tu kutoka kwa mtoto aliyebeba ndoo ya maji, kikagonga sufuria na kulitoboa. Alhamdulillah, hakuna aliyeumia. Lakini wote tulinyamaza kimya, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa anajua kwamba shoka lile lilikuwa limelegea. Kila mwaka tulikuwa tukiliweka ndani ya maji usiku kucha ili likaze, na kila mwaka tulisema litatengenezwa baada ya shughuli. Kosa lilikuwa letu sisi wakubwa, na si la vijana wale.

Tangu siku ile tuliona kuwa kuchanja kuni si kazi ya misuli mitupu kama wengi wanavyodhani. Ni kazi yenye elimu yake, na asiyeijua elimu hiyo huumia, huumiza wenzake na huchoka bure.

Shoka lililotiwa mpini na Mtume (s.a.w.)

Imepokelewa na Anas bin Malik (r.a.) katika Sunan ya Abu Daud kwamba mtu mmoja katika Answari alimjia Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama nyumbani kwake kuna chochote. Akajibu kuwa ana nguo nzito ambayo sehemu yake wanajifunika na sehemu wanaitandika, na chombo cha kunywea maji. Mtume (s.a.w.) akaagiza viletwe, akavinadi mbele ya watu. Mmoja alitaka kuvichukua kwa dirhamu moja, Mtume (s.a.w.) akauliza nani atakayezidisha, mpaka mwingine akatoa dirhamu mbili. Akampa yule Answari fedha hizo na kumwelekeza: dirhamu moja anunulie familia yake chakula, na ya pili anunue shoka na kumletea. Alipolileta, Mtume (s.a.w.) alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe mtukufu. Kisha akamwamuru aende akakate kuni na kuziuza, na asimwone kwa muda wa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa amepata dirhamu kumi, akanunua nguo na chakula. Hapo Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kuwa hayo ni bora kwake kuliko kuja siku ya Kiyama na alama ya kuombaomba usoni mwake.

Wapo wanazuoni wa hadithi walioizungumzia sanadi ya simulizi hii. Hata hivyo, maana yake inaungwa mkono na hadithi sahihi aliyoipokea Imamu Bukhari kutoka kwa Zubeir bin Awwam (r.a.), kwamba mtu kuchukua kamba yake, akabeba mzigo wa kuni mgongoni na kuuuza, Mwenyezi Mungu akamhifadhi kwa hilo uso wake, ni bora kuliko kuwaomba watu, wampe au wamnyime.

Tukiitazama habari ya yule Answari tunapata mafunzo matatu yanayohusu somo letu. La kwanza, alipewa chombo cha kazi, na si nasaha peke yake. La pili, hakutumwa kazini mpaka chombo kile kikamilike, mpini ulitangulia. La tatu, alipewa muda wa kuizoea kazi na kuona matunda yake. Wahenga nao walisema: shoka lisilo mpini halichanji kuni. Sisi siku ile ya Maulidi tulikuwa na shoka lenye mpini, lakini mpini wake ulikuwa kana kwamba haupo.

Kwa nini kuni huchanjwa?

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Kuni mbichi inaweza kuwa karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiitia jikoni, moto hutumia kwanza nguvu zake kuyafukuza maji hayo kabla ya kupasha sufuria. Wanafunzi wa sekondari wanaosoma fizikia watakumbuka kuwa kuyageuza maji yanayochemka yawe mvuke kunahitaji joto zaidi ya mara tano ya lile linalohitajika kuyapasha kutoka ubaridi wa barafu mpaka yachemke. Kwa hiyo mama anayepikia kuni mbichi anapika mara mbili: anaipika kuni, kisha ndipo anapika ugali.

Gogo la mviringo lenye gome lake hukauka polepole sana, kwani gome limeumbwa kuhifadhi maji ya mti. Ukilichanja, unafungua ubavu wake, hewa na jua vinapata njia, na maji yanatoka. Aidha, moto hushika upesi kwenye pembe na sehemu nyembamba kuliko kwenye mgongo wa gogo. Ukuni uliochanjwa na kukaushwa vizuri huwaka kwa mwanga, hutoa joto jingi na moshi mdogo.

Suala la moshi si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Wanaoukaa moshi huo zaidi ni akina mama, na watoto waliobebwa migongoni mwao. Kijana anapomchanjia mama yake kuni na kuzikausha, anampunguzia kikohozi na machozi ya jikoni. Hilo ni katika kuwatendea wema wazazi.

Shoka la kukatia na shoka la kuchanjia

Watu wengi hapa kijijini hutumia shoka moja kwa kazi zote. Ni vyema ikafahamika kuwa kazi ni mbili. Kukata ni kuzipita nyuzi za mti kwa upande, kama unapoangusha mti au kukata tawi. Kuchanja ni kuzifuata nyuzi hizo kwa urefu wake na kuzitenganisha.

Shoka la kukatia lina chuma chembamba kinachozama ndani ya mti. Shoka letu la asili, ambalo bapa lake hupenyezwa kwenye tundu la rungu la mpini, ni la namna hiyo. Lina ubora wake, kwani kila unapopiga chuma huzidi kukaza ndani ya mpini. Lakini ukilitumia kuchanja gogo nene, huzama na kunasa, na utatumia muda mwingi kulichomoa kuliko kupiga.

Shoka zuri la kuchanjia lina makali mafupi, kisha mashavu yake hunenepa upesi kuelekea nyuma, mfano wa kabari. Makali hufungua mlango, na mashavu husukuma pande mbili za mti ziachane. Kwa hiyo kinachopasua kuni hasa ni unene wa shoka, na makali ni ya kuanzia tu. Ukienda dukani au kwa mhunzi, litazame shoka kwa juu: likiwa jembamba kama panga, hilo si la kuchanjia.

Uzito nao uzingatiwe. Kwa mtu mzima kichwa cha kilo mbili hadi mbili na nusu kinatosha. Wapo vijana wanaotaka shoka zito kuliko yote ili waonekane mashujaa. Hilo ni kosa. Uzito ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara mbili. Lakini kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne. Shoka unaloweza kulishusha kwa kasi na kulielekeza unapotaka ni bora kuliko shoka linalokuvuta lenyewe.

Mpini

Mpini ndio roho ya usalama. Uchaguliwe mti mgumu usiokatika ovyo, kama mkole au mpera. Uwe umenyooka, usiwe na vifundo wala ufa, na nyuzi zake ziende kwa urefu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyuzi zikikatiza kwa upande, mpini huo utavunjika siku usiyoitarajia. Urefu wake upimwe hivi: shika kichwa cha shoka kiganjani huku mkono umenyooka; mwisho wa mpini ufike kwapani. Mpini mfupi mno ni hatari, kwa kuwa ukikosa shabaha shoka hurudi kwenye muundi wa mguu wako badala ya kuishia ardhini.

Mpini uchongwe, kisha ukaushwe kabisa kabla ya kutiwa. Mpini mbichi huingia kwa urahisi na kukaza siku ya kwanza, lakini ukikauka husinyaa, na chuma hubaki kinacheza. Kwa shoka la kiwandani lenye tundu, mpini hupasuliwa kidogo kichwani na kugongewa kabari ya mti mgumu ili ujae tundu lote.

Sasa tuzungumzie ile desturi ya kuloweka shoka majini. Mti ukinywa maji huvimba, hivyo kwa saa chache shoka hukaza. Lakini mti hauna pa kuvimbia ndani ya chuma, basi nyuzi zake hujibana na kupondeka. Ukikauka tena, huwa mwembamba kuliko ulivyokuwa mwanzo. Kila unapoloweka unazidi kulilegeza shoka lako. Hivi ndivyo tulivyofanya sisi mwaka hadi mwaka mpaka tukaadhibiwa na ujinga wetu. Dawa ya mpini uliolegea ni kabari mpya au mpini mpya.

Kunoa

Shoka la kuchanjia halihitaji makali ya wembe, lakini lisiwe butu. Shoka butu haliumi mti. Hudunda na kuteleza, na likiteleza huwa linatafuta mguu. Tumia tupa kwa mapengo makubwa, kisha jiwe la kunolea. Noa pande zote mbili kwa kipimo sawa, na usiyafanye makali kuwa membamba mno, maana yatavunjika kwenye kifundo. Tumefundishwa katika hadithi iliyopokelewa na Imamu Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aus (r.a.) kuwa Mwenyezi Mungu (s.w.) ameandika wema katika kila jambo, na ukatajwa humo wajibu wa kunoa kisu anapochinjwa mnyama. Basi mwenye kujifunza wema kutoka kwenye kisu, asiusahau kwenye shoka.

Mahali pa kuchanjia

Chagua uwanja ulio tambarare, usio na utelezi wala kamba ya kuanikia nguo juu yake. Kamba ikinasa shoka linapopanda, huligeuza njia. Watoto, mbuzi na kuku wawe mbali, wasipungue hatua kumi, na wasikae mbele yako wala nyuma yako. Anayekusanya vipande asogee pale tu mchanjaji anapoweka shoka chini.

Usichanje juu ya jiwe, saruji au ardhi tupu. Tafuta gogo pana la mti mgumu, urefu wake uwe chini kidogo ya goti, uliweke imara. Hilo ndilo gogo la kuchanjia. Kipande unachotaka kukipasua kiweke upande wa mbali wa gogo hilo, si upande wa karibu yako. Sababu ni kwamba ukikosa, shoka litaishia kwenye gogo na halitafika miguuni.

Wengine hutumia tairi kuukuu la gari juu ya gogo la kuchanjia, kipande kikasimamishwa ndani yake. Njia hii ni nzuri mno. Vipande havirukiruki, huna haja ya kuinama kila mara kuvisimamisha, na tairi hukinga miguu.

Mavazi pia yana hukumu yake. Kanzu ni vazi la heshima, lakini katika kazi hii ivuliwe, pamoja na shali au kitu chochote kinachoning'inia. Vaa viatu vilivyofunika mguu, au mabuti ya mpira. Kuchanja kuni kwa kandambili ni kuitia nafsi hatarini, na Mwenyezi Mungu (s.w.) ametukataza kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi.

Namna ya kuchanja

1. Anza kwa Bismillah, na lijaribu shoka lako. Tikisa kichwa chake. Kikicheza, acha kazi mpaka litengenezwe.

2. Litazame gogo kabla ya kulipiga. Kwenye uso wake utaona nyufa ndogo zinazotoka katikati kwenda pembeni. Huo ndio mlango alioufungua Mwenyezi Mungu (s.w.). Lenga katika ufa, usiupingane.

3. Simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, na yote iwe sawa. Pima umbali kwa kunyoosha mikono na kugusisha makali pale unapotaka kupiga.

4. Mkono mmoja ushike mwisho wa mpini, na mwingine karibu na kichwa. Shoka linapopanda, liende juu moja kwa moja, si pembeni. Linaposhuka, mkono wa juu uteleze kuufuata wa chini.

5. Macho yasiondoke kwenye ufa. Shoka hufuata jicho.

6. Shoka linaposhuka, kunja magoti kidogo ili lifike likiwa limelala sawa na gogo. Mgongo usifanye kazi ya magoti.

7. Usilisukume kwa hasira. Liongoze tu, uzito wake utafanya kazi. Mchanjaji mzoefu husikika akihema polepole. Anayeanza ndiye anayegugumia.

Likinasa, sukuma mpini juu na chini mpaka litoke. Usiuvute kwa upande, utavunja mpini.

Magogo magumu na vifundo

Gogo kubwa usilianze katikati. Lipunguze pembeni, ukibandua vipande kulizunguka, mpaka kiini kiwe kidogo. Hapo kitapasuka bila taabu. Penye kifundo, yaani pale tawi lilipotokea, nyuzi zimejisokota. Geuza gogo kifundo kiwe chini, uanzie upande ulio safi.

Mkaratusi, ambao umeenea sana katika mashamba yetu, uchanjwe ungali mbichi. Ukiachwa ukauke ukiwa gogo zima huwa mgumu, na nyuzi zake zilizojipinda hulirudisha shoka. Wengi wetu hufanya kinyume: hukausha kwanza, kisha huhangaika kuchanja. Chanja kwanza, kausha baadaye.

Kwa gogo lisilokubali, tumia kabari ya chuma na nyundo kubwa. Ni makosa kulipigia shoka moja nyuma ya jingine, au kulifanya shoka kabari na kuligonga kwa nyundo. Chuma kigumu kikigongana na chuma kigumu hutoa vibanzi vinavyoruka kwa kasi, na jicho halina mpini mpya wa kubadilisha.

Ikitokea mtu amejikata, mkandamize jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu, inua kiungo hicho juu, na mpelekeni zahanati au kituo cha afya upesi. Msitie majivu, udongo wala mafuta ya taa. Mganga aulizwe pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Adabu za shoka

Katika hadithi sahihi tumeamrishwa kwamba anayepita msikitini au sokoni akiwa na mishale aishike kwenye ncha zake ili asimjeruhi Muislamu. Kwa kipimo hicho, anayepita njiani na shoka alibebe makali yakiwa yameelekea chini na mbali na mwili, asilining'inize begani mbele ya watu. Aidha, imekatazwa kumwelekezea ndugu yako chuma hata kwa mzaha. Vijana wanaotishana kwa shoka na mapanga wanacheza na laana ya Malaika.

Ukimaliza, usiliache shoka limesimama kwenye gogo uwanjani. Mtoto atalijaribu. Lifute, liweke mahali pakavu palipofungwa.

Adabu nyingine ni kuazimana. Katika Suratul Maun wamelaumiwa wanaozuia misaada midogo midogo. Ibn Kathir katika tafsiri yake amenukuu kutoka kwa Ibn Masud (r.a.) kuwa hiyo ni kama vile watu wanavyoazimana shoka, chungu na ndoo. Tazama jinsi shoka lilivyotajwa! Hivyo basi, jirani akija kuazima, awe Muislamu au asiwe Muislamu, mpe. Lakini usimpe shoka lililolegea ukanyamaza. Kumficha aibu ya chombo ni kumdhuru. Na mwenye kuazima arudishe kwa wakati, likiwa zima na safi.

Kukausha na kupanga

Kuni zilizochanjwa zipangwe juu ya mawe au fito mbili ili zisiguse ardhi, ziachiwe nafasi ya hewa kupita, na zifunikwe juu tu, pembeni pabaki wazi. Kwa hali yetu ya hewa, anayechanja mwanzoni mwa kiangazi cha Juni atakuwa na kuni kavu kabla ya vuli. Anayesubiri mvua ianze ndipo atafute shoka, familia yake itakula moshi.

Utaitambuaje kuni kavu? Huwa nyepesi, nyufa zimejitokeza kwenye ncha zake, gome linabanduka kirahisi, na ukigonganisha mbili hutoa mlio mkavu. Kuni mbichi zikigongana hutoa sauti nzito kama kofi.

Kazi hii ni ya nani?

Katika jamii yetu ni kawaida kumwona mama au binti akirudi na mzigo wa kuni kichwani, kisha yeye mwenyewe aupasue, huku kaka zake wameketi kivulini. Hili tunalikemea. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na ikifika swala hutoka. Nabii Daud (a.s.), pamoja na ufalme wake, alikuwa akila kutokana na kazi ya mkono wake. Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala. Basi kijana gani atakayeona haya kushika shoka?

Tunawausia vijana wetu waliobaleghe wafanye zamu ya kuchanja kuni nyumbani siku ya Jumamosi au Jumapili, chini ya uangalizi wa baba au kaka mkubwa mpaka wazoee. Wadogo zao kazi yao ni kupanga vipande vilivyokwisha chanjwa, si kushika shoka.

Tusisahau miti yenyewe

Katika Suratul Waqia Mwenyezi Mungu (s.w.) anatutanabahisha juu ya moto tunaouwasha, na anatuuliza ni nani aliyeuumba mti wake. Neema hii ina shukrani yake. Tukate katika mashamba yetu na kwa ruhusa ya mwenye shamba, tusiingie katika hifadhi kuvunja sheria, na kila anayekata apande. Muislamu anayepanda mti, ukaliwa na mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Aidha, tujue kuwa nchi yetu imezindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Mwenye uwezo wa jiko la gesi asisite, kwani kumwondolea mama moshi ni jambo la kheri. Lakini mpaka hapo neema hiyo itakapofika katika kila boma, kuni zitaendelea kuwaka, na ni bora ziwake zikiwa kavu na zimechanjwa na mtu aliye salama.

Hitimisho

Baada ya tukio la Maulidi tulichonga mpini mpya wa mpera, tukaukausha, tukautia kabari. Sufuria lililotobolewa tumeliacha ukutani mwa jiko la madrasa. Mwanafunzi anayepewa shoka huonyeshwa kwanza tundu lile, kisha hutakiwa atikise kichwa cha shoka mbele ya mwalimu kabla ya kupiga pigo la kwanza. Tunawaomba wazazi mfanye hivyo hivyo majumbani leo, kabla ya kuni za jioni.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) azihifadhi mikono ya vijana wetu, awape akina mama zetu afya ya macho na vifua, na atujaalie tule kutokana na kazi ya halali. Amin.

Maswali ya kujipima

1. Kuna tofauti gani kati ya kukata na kuchanja?
2. Kwa nini kuloweka shoka majini huzidi kulilegeza?
3. Kipande cha kuni huwekwa upande gani wa gogo la kuchanjia, na kwa sababu gani?
4. Mkaratusi huchanjwa wakati gani?
5. Taja mafunzo matatu yanayopatikana katika habari ya Answari na shoka lake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.